Poda Siku ya Jubilé

Likasi, tarehe 11 Agosti

Kwa Yaya wangu Henriette, kule Kolwezi.

Yaya, jambo sana. Ni miye mdogo wako Orpha ninayekuandikia. Mgongo wako umepona? Na shemeji Steve, na mapacha, wote wazima? Ukiuliza habari za huku, sisi tupo, Mungu anatulinda. Mama ana nguvu, ni miguu tu inayomvimba jioni akitoka sokoni, na miye mwili wangu hauna neno. Nimepata ujumbe wako kwamba ile nafasi yangu ya chuo kikuu Lubumbashi bado inanisubiri, na kwamba unataka karatasi ya matokeo haraka ili ukaniandikishe. Nitafika huko. Kwanza niache nikueleze jubilé ya shule yetu, maana hasira niliyonayo isipotoka kwa mkono itatoka kwa mdomo.

Nilikuambia kwamba Prof Éphraïm ametunga mchezo wa nyimbo kwa ajili ya miaka hamsini ya shule. Ni habari ya binti wa mfanyakazi wa mgodi anayesoma kwa mshumaa, watu wanamcheka, mwishowe anafaulu Examen d'État ya kumaliza shule na mtaa mzima unakuja kummwagia poda. Yule binti nilikuwa miye. Miezi mitatu niliimba nyimbo zile hata Mama akazishika kichwani. Halafu wiki mbili kabla ya siku yenyewe nikamwambia Prof kwamba koo linaniuma, ampe mwingine. Akampa Cathy. Yaya, Cathy ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, nampenda, lakini sauti yake ni ya kuitia mbuzi.

Walisema saa nane. Tulianza saa kumi na nusu, kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa bado anakula. Alipofika akatoa hotuba, préfet wa shule akatoa hotuba ya kumshukuru kwa hotuba, na mwakilishi wa wazazi naye akaona aibu kunyamaza. Katikati ya huyo wa tatu courant ikakatika. Bwawa la Mwadingusha liko hapo tu, linatoa umeme kila siku, na sisi tunakimbia na kidumu cha mafuta kutafuta groupe ya umeme ya kuazima. Na kila aliyepita mbele yangu alisimama kuniuliza kwa nini siko jukwaani. Nilijibu koo, koo, koo, mpaka koo likaanza kuuma kweli.

Mchezo wenyewe sijui niuanzie wapi. Octave, aliyekuwa baba wa yule binti, alijichora ndevu kwa makaa, na jasho lilipoanza zikamshukia hadi shingoni. Alisahau maneno mara mbili, akawa anakohoa tu, watu wakamhurumia wakidhani anaumwa. Delphine aliingia kuomboleza kabla mtu hajafa. Na Cathy, Yaya, ule wimbo wa mshumaa unaanza chini ili mbele upate mahali pa kupanda. Yeye akauanza juu kabisa. Kufika ubeti wa pili hakuwa tena na pa kwenda, akabaki anafungua mdomo. Miye nilikuwa mstari wa tatu, naimba moyoni kila neno kabla yake. Mama akanipiga kiwiko, akasema hata na hilo koo bovu ningeimba vizuri kuliko huyo.

Sasa sikia la poda. Siku matokeo yetu ya Examen d'État yalipotoka Mama hakunimwagia, kwa kuwa kwa jirani yetu Papa Albert kulikuwa na matanga, na Mama alisema shangwe za kufaulu hazipigwi karibu na kilio. Alinunua kopo lake akaliweka lisubiri. Basi kwenye mchezo Prof Éphraïm, kwa ubahili wake, aliwapa watoto unga wa muhogo badala ya poda. Cathy akapiga magoti, wakaanza kummwagia, na wamama wa mstari wa mbele wakaona. Mmoja akasimama akauliza kwa sauti kubwa mnamtakia nini huyu mtoto, tangu lini aliyefaulu anapakwa unga kama samaki wa kukaanga. Wengine wakaitikia kwamba huo ni mkosi, na kwamba unga ni wa kusonga bukari. Prof akajaribu kueleza kwamba ni mchezo tu. Nani alimsikiliza? Msimu huu kila mama ana kopo la poda kwenye mfuko wake. Wakapanda jukwaani, wakampangusa Cathy ule unga kwa vikwembe vyao, wakaanza upya na poda ya kweli, vigelegele juu. Octave, ambaye zamu yake ya kuimba ndiyo ilikuwa imefika, alisukumwa mpaka nyuma ya pazia.

Mama alikuwa wa pili kupanda. Alipomaliza kwa Cathy akachukua maikrofoni mkononi mwa Prof, akasema huyu ni wa mchezo, wake yeye aliyefaulu kweli, kwa asilimia hamsini na nane, amekaa pale chini anaona haya. Akashuka. Yaya, alinimwagia kopo zima, kichwani, shingoni, ndani ya nguo, ukumbi wote umesimama, na yeye analia huku analiita jina la marehemu Baba, kwamba aone. Nilikosa pa kuweka macho. Nikayainua, nikamwona Cathy kule juu, amejaa poda kama miye, ananitazama. Halafu akauanza upya wimbo wa mwisho, peke yake, bila ngoma, kwa ile sauti yake mbovu na kwa nguvu zake zote, mpaka watu wakanigeuzia mgongo na kumwangalia yeye. Nilimkasirikia kuliko wote. Nilimkasirikia kwa sababu alijua, na alikuwa ananisitiri.

Alijua, Yaya, kwa kuwa siku ya matokeo tulitumia telefone yake kutuma namba zetu za mtihani. Yake ilirudi na sitini na tatu. Yangu ilirudi na neno moja, échec. Sikufaulu. Nilifika nyumbani nikamkuta Mama mlangoni, amekwisha kusikia kwamba matokeo yametoka, amevaa kikwembe kipya. Hakuniuliza kama nimefaulu. Aliniuliza ngapi. Nikasema hamsini na nane, ikatoka tu. Siku ile nilipoacha mchezo koo langu halikuuma hata kidogo. Sikuweza kupiga magoti mbele ya watu na kuimba kwamba nimefaulu. Basi karatasi unayoisubiri haipo. Usiniandikishe. Nitarudi kukaa darasani na wadogo zangu, kama mtanikubalia.

Mara nne nimejaribu kumwambia Mama kwa mdomo. Kila mara ananitazama na kuanza kuimba zile nyimbo za mchezo. Kwa hiyo barua hii nampa yeye mwenyewe akuletee, maana Jumamosi anapanda basi kuja kwenu. Weye unajua kwamba barua ikipitia mikono ya Mama inasomwa njiani, halafu anaibandika tena na kukupa kwa uso wa mtakatifu. Bahasha nimeifunga kwa mate kidogo tu.

Nisalimie shemeji Steve, uwashike mapacha kwa niaba yangu, na majirani wako wote wanaonijua waambie nawakumbuka.

Na Mama, kama umefika hapa, najua gari bado linatembea na pembeni yako kuna mtu usiyemjua. Nisamehe kwa hilo pia. Usishuke njiani urudi. Fika kwanza kwa Yaya, ukae, unywe maji, uweke miguu juu. Halafu mnipigie. Hata ukitaka kunigombeza hadi salio liishe, nitapokea.

Ni miye, mtoto wenu,

Orpha