Gia Tatu za Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji amekuja tena na kile kiti. Kamba mpya, miti mipya ya kubebea, na vijana wanne wameshakubali, anasema. "Shemeji, usijisumbue. Tutambeba kaka mara moja tu, hadi barabarani." Mara moja tu! Januari walimbeba mara moja tu, wakamwangusha penye kona ya kalvati, uso chini, matopeni. Kijana mmoja akacheka. Shemeji naye akacheka — mdogo wake wa tumbo moja! Mume wangu hasemi tangu kiharusi cha Julai, na mkono na mguu wa kulia havimtii, lakini masikio yake ni mazima.

Leo, kabla kiti hakijatua sakafuni, fimbo imegonga saruji mara mbili. Moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Shemeji amejifanya hakusikia. Nimemwonyesha mlango.

Kliniki ya mazoezi ya viungo wamepiga simu. Miadi miwili imepita bure. Ya tatu ni Jumatano, tarehe 19. Nayo ikipita, nafasi atapewa mgonjwa mwingine, na mkono utakauka hivyo hivyo ulivyojikunja. Gari halipandi huku kwetu. Mvua imeila njia. Mita mia nne za mteremko! Mita mia nne ndizo zitakazomnyima mtu mkono wake.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua karakana yake. Kufuli lilikuwa limeota kutu. Nimelivunja kwa nyundo.

Ndani kuna lile trekta dogo la kukatia nyasi. Alilichukua kutoka uwanja wa michezo alipokuwa mtunza mashine wao, walipotaka kulitupa. Visu alishaving'oa. Injini iko juu ya matofali. Ekseli ya nyuma haipo. Pembeni kuna nyingine yenye difu yake, lile bonge la gia la kuzungusha magurudumu, ya pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, na matairi mawili yenye meno makubwa. Ukutani, kwenye mgongo wa kalenda kuukuu, mchoro wa penseli wa namna vyote hivyo vitakavyounganishwa. Alikusudia lipande mteremko huu na magunia. Litashuka naye, na litampandisha.

Nilipomwambia, fimbo ikagonga mbili. Nikamjibu kwamba sikuja kuomba ruhusa. Miaka thelathini na minane ya ndoa sikukanyaga humo. "Mwalimu, huku utachafuka," alikuwa akiniambia. Basi sasa nitachafuka.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi wa kuchomelea, yule wanayemwita Cheche, aliahidi kufika saa mbili. Amefika saa sita, anatafuna kijiti. Anapima vyuma kwa shubiri! Nimempa futi. "Mwalimu, jicho langu linatosha." Jicho lake limemaliza kuchomelea fremu ambayo upande mmoja umezidi mwingine kwa vidole viwili. Nimemwamuru akate, aanze upya. Amenuna kama mtoto aliyenyimwa uji, lakini amekata.

Jioni shemeji amepita kuchungulia. "Shemeji, unaunda ndege? Nikate tiketi mapema?" Cheche amecheka hadi miwani yake myeusi ikaanguka. Nimewatazama tu wote wawili mpaka wakanyamaza. Darasani ilitosha, na bado inatosha.

Jumatatu, 10 Machi

Leo ni ekseli. Nimemweka mume wangu kwenye kiti mlangoni mwa karakana, apate hewa. Kosa langu. Tumeinua ekseli — mbili. Tumeisogeza chini ya fremu — mbili. Cheche amewasha moto — mbili, mbili, mbili, mpaka vumbi likaruka.

"Mzee anasemaje?" Cheche ameuliza.

"Mzee hataki mwanamke ndani ya karakana yake. Choma."

Nimefuata mchoro wake mwenyewe, mstari kwa mstari. Mchoro unaonyesha difu kushoto, nimeiweka kushoto. Anataka nini zaidi?

Jumanne, 11 Machi

Mbili tangu asubuhi. Nimemwuliza: unataka kwenda kliniki au hutaki? Amenyoosha fimbo kuelekea kwenye ekseli na kuizungusha hewani kama mtu anayekoroga chungu. Nikamwambia aache utoto. Akairusha. Imempata Cheche gotini.

Nimeiokota na kuiweka juu ya kabati.

Jumatano, 12 Machi

Nyumba kimya. Kazi imekwenda vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Kila kitu kimefungwa. Injini, puli ndogo mbele na kubwa nyuma ili nguvu izidi mwendo, mkanda mpya, breki mbili, na kiti cha abiria tulichokitoa kwenye gari lililogongwa, mkanda wake wa usalama ukiwa mzima. Nimekagua kila nati kwa mkono wangu. Cheche amevuta kamba mara nne, injini ikaitika.

Nimekaa. Nimeweka gia ya kwanza. Nimeachia klachi polepole, kama inavyotakiwa.

Likarudi nyuma! Gia ya kwanza, nalo likarudi nyuma na kuingia moja kwa moja kwenye banda la kuku. Nikajaribu ya pili: nyuma. Ya tatu: nyuma, kwa kasi zaidi. Ya kurudi nyuma ndiyo iliyokwenda mbele.

Nimemfokea Cheche kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Amenisikiliza mpaka mwisho, akachomoa kalenda ukutani, akalala chali chini ya trekta, akaushika mchoro juu ya uso wake. Kisha:

"Mwalimu, njoo ulale hapa."

"Nilale wapi?"

"Hapa chini. Njoo uone."

Nimelala chini, kwenye mafuta, na gauni langu. Nimeuona mchoro kama alivyouona aliyeuchora. Mtu aliyeishi miaka arobaini chini ya mashine huchora anachokiona akiwa huko chini. Kushoto kwake ni kulia kwangu. Tumeipindua ekseli, juu ikawa chini, na difu inazungusha magurudumu kinyume.

Siku mbili aligonga kuniambia. Ya tatu sikumwachia cha kugongea.

Jumapili, 16 Machi

Sikulala vizuri. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na sita kwamba asiyesikiliza hapiti kwangu. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejitoa nje!

Nimemrudishia fimbo. Ameiweka mapajani. Nimekaa mbele yake kwenye kigoda.

"Ulikuwa unasema difu imegeuka?"

Moja.

"Tangu Jumatatu?"

Moja.

"Hukuwa unanifukuza karakanani?"

Hapo hakugonga. Alinitazama kucha, zilivyo nyeusi kwa grisi, akatikisa mabega. Alikuwa anacheka! Nimeondoka kwenda kupika. Nimebamiza sufuria zote tulizonazo.

Jumatatu, 17 Machi

Cheche amepata kazi ya mageti mbali na hapa. Hatarudi hadi Jumamosi. Vyuma alivyovishikisha ni vinene kuliko msumeno wangu. Nimekata saa nzima, alama tu. Wa kuigeuza ekseli kabla ya Jumatano hayupo.

Basi liende kama lilivyo. Gia moja ya mbele, ya polepole kuliko zote: hiyo ya kushukia. Gia tatu za nyuma: kupanda tutapanda kinyumenyume, shingo yangu ikigeuka kama ya bundi. Nimejaribu na gunia la mchanga kwenye kiti cha abiria. Nimefika kwenye kona ya kalvati na kurudi, mara mbili. Gunia halikuanguka.

Shemeji ameshuhudia, na wapambe wake wawili. "Jamani, njooni muone! Trekta la Mwalimu linatembea na makalio!" Nimempita karibu kiasi cha kumkanyaga kidole. Kwa bahati mbaya sikumkanyaga.

Jioni nimemwuliza mume wangu: "Utapanda?" Moja.

Jumatano, 19 Machi

Saa tatu kasoro dakika tano. Miadi ni saa nne. Naandika juu ya trekta, daftari likiwa kwenye usukani, kwa sababu nisipoandika nitampiga mtu.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Tulishuka vizuri hadi penye kona ya kalvati. Kona ile ile! Gurudumu la mbele limezama, mkanda umelowa na unateleza kwenye puli. Nimeufuta kwa khanga yangu, nimezima injini, nasubiri ukauke. Mume wangu yuko nyuma yangu, amefungwa mkanda, ana koti lake zuri.

Na bila shaka, shemeji. Ametokea na vijana wanne na kiti, kama waliokuwa wamejificha kichakani wakiomba nikwame. "Haya, shemeji. Maskhara yameisha. Tumbebe?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimwambie aende zake, asiguse hata bolti moja. Nikajizuia. Nimegeuka nikamwuliza mwenyewe.

"Wakubebe?"

Mbili, kwenye chuma, mpaka vijana wakarudi hatua.

"Turudi nyumbani?"

Mbili.

"Wasukume?"

Amemtazama mdogo wake. Shemeji ameacha kutabasamu, ameangalia matope, mahali pale pale walipomwangusha. Moja.

Basi nimegawa kazi. Wawili gurudumu la mbele, wawili nyuma, shemeji kushoto. Nimewaambia kwamba atakayecheka nitamwonyesha spana ina kazi gani nyingine. Hakuna aliyecheka. Shemeji amevua viatu, ameingia matopeni hadi magotini, amekumbatia fremu. Mkanda umekauka. Nimeshika kamba ya kuwashia.

Fimbo imegonga. Mara mbili.

Safari hii ninauliza.