Vitambaa Vyekundu Kwenye Uwanja wa Kanisa

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotundika fyekeo lako nyuma ya mlango wa jikoni, Baba Watoto, ukasema unajinyoosha kidogo. Kidogo gani hicho! Fyekeo bado liko palepale. Anayetaka kuligusa aniombe mimi kwanza.

Miaka ishirini na sita ulitunza uwanja wa kanisa na makaburi yake, na miaka yote hiyo nilikugombeza. Mume mfyekaji, halafu majani yanafika magotini! Ulikata njia za kupita watu, basi. Kwingine ukaacha maua ya porini yachanue mpaka yaangushe mbegu. "Mama Watoto, hawa waliolala hawana haraka," ulikuwa ukinijibu. "Waache na vipepeo wao."

Nyuki walipohamia kwenye ufa wa ukuta wa kanisa, wazee wa kanisa walitaka wachomwe. Ukaenda kukaa chini ya ufa ule na kikombe chako cha chai, siku tatu mfululizo, usiumwe hata mara moja. Wazee wakasalimu amri. Siku ya nne ulirudi nyumbani jicho limevimba, ukasema umejigonga mlangoni. Nilijua tu.

Na vitambaa vyangu je? Kila ulipoona kiota kwenye majani ulichomeka kijiti, ukakifunga kitambaa chekundu ili fyekeo lisipite hapo. Mimi huku kwenye cherehani nawalaumu wanafunzi wangu kwa vipande vinavyopotea, kumbe mwizi nalala naye kitanda kimoja!

Sasa nikuambie ukweli, maana hukupenda maneno ya kuzunguka. Mwezi uliopita tulinunua vigae vya kaburi lako, humohumo uwanjani ulimokuwa ukifyeka. Majani yalikuwa yamelifunika lote, na mimi niliona aibu. Ndugu zako wangesemaje? Eti mke kamtupa. Fundi akaja na saruji yake na mchanga. Alipong'oa majani ya kwanza tu, ndege mdogo wa kahawia akaruka miguuni pake. Tukainama. Mayai manne, usawa wa kifua chako.

"Mama, niendelee?" fundi akauliza. Mwanao akanitazama. Mimi nikalia, mume wangu. Sikuwa nimelia mbele ya watu tangu tukuzike, lakini siku hiyo nililia mpaka fundi akavua kofia. Kisha nikachana upindo wa sketi yangu nyekundu ya kanisani, ile uliyoipenda, nikafunga kijiti kwa mikono yangu.

Vigae vimeishia bafuni kwa binti yako. Wenye kusema na waseme.

Makinda yametoka matatu. Ibada ya kukukumbuka ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Ndugu na marafiki mnaokuja, fuateni njia aliyoikata Baba Watoto. Mkiona kitambaa chekundu, zungukeni.

Unakumbukwa na mkeo fundi cherehani, mwanao dereva, binti yako muuguzi na mumewe, dada yako mkubwa ambaye bado hajanisamehe kuhusu vigae, wajukuu wako watano, na mchungaji, ambaye siku hizi anakunywa chai chini ya ufa wa nyuki.

Daima tutakukumbuka, Baba Watoto. Na vitambaa, chukua tu.