Sitaandika Kwamba Nilishindwa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nina hasira, na bora nikuambie mapema usije ukaihisi katikati ya maneno ukadhani naumwa. Magoti yako yanaendeleaje? Mvua zimeshika hapo Ilongero, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine?

Huku Kanada theluji imeshaanguka. Masomo yangu ya ushauri nasaha yamefika hatua ya kukaa na watu wenye machungu ya kweli. Wakiridhia, mazungumzo yanarekodiwa kwa video, kisha msimamizi wangu, mzee wa umri wa baba mkubwa, anayatazama pamoja nami na kunisahihisha.

Mwezi huu alikuja mama aliyefiwa na mwanawe. Jina lake sitalitaja hata kwako. Alianza kusema, sauti ikakatika, akalia. Nikasogeza kiti, nikainamisha kichwa, nikakaa naye kimya mpaka alipovuta pumzi mwenyewe. Ndivyo ulivyonifundisha kwenye mikeka ya msiba: mfiwa hahojiwi, unakaa naye.

Msimamizi alisimamisha video.

"Hapa uliganda."

"Sikuganda. Nilikaa naye."

"Kukaa si mbinu. Na hayo macho chini! Hata mimi huniangalii. Unaogopa watu."

"Nakuheshimu."

"Basi niheshimu kwa kuandika kwenye tathmini yako kwamba ulishindwa kumsaidia, tuendelee."

Nisipoandika, hanipitishi. Nitatakiwa kurudia mafunzo yote ya vitendo, na ufadhili wangu hauna mwaka wa ziada. Mwenzangu wa kutoka Nepali, ambaye ameshakiri makosa mengi asiyoyaamini, alinicheka: "Andika bwana, dada! Wino hauumi."

Mimi unaniuma. Nikiandika, kesho nitamhoji mfiwa mwingine ili video ipendeze.

Katika jambo moja msimamizi yuko sahihi: yule mama si wa kwetu, nilipaswa kumweleza kwa nini nimenyamaza. Hilo nimelikubali mbele yake. Lakini kwamba nilimwacha peke yake, hapana.

Jana nikarudi ofisini kwake. Mama, nilimkazia macho mtu mzima, ungekuwepo ungenifinya. Nikamwambia, "Sitaandika. Nipeleke mbele ya jopo la walimu, tuitazame video wote." Akanyamaza kwa muda mrefu. Nikamwacha anyamaze. Mwishowe akasema, "Haya. Alhamisi."

Siku hiyo ndipo watakapoamua. Nikipata shahada, nitakuja nayo. Nikiikosa, nitakuja hivyo hivyo, na wageni wakifika kuniona usinifiche jikoni.

Nisalimie bibi, na umwambie nakula, ingawa ugali wa uwele hakuna. Kaka Elia apunguze mwendo wa bodaboda. Wewe una mtoto mmoja tu wa kiume. Shangazi wa Sepuka ataanza kuniombea kabla hujamaliza kumsomea barua hii. Mwache aombe, nawe uombe, ila msiombe niwe mpole.

Mwanao,
Neema