Kompyuta ya Baba Ina Mfumo Mpya

Manyamanyama, Bunda

Kaka mpendwa Apolinary,

Salamu nyingi zikufikie huko Butiama, wewe na wifi Judith. Kifua chake kimepona? Mimi ni mzima, nashukuru Mungu, na steshenari yangu bado inafunguliwa kila siku.

Nakuandikia kwa ile kompyuta ya marehemu baba. Ilikuwa imechoka; naiwasha, naenda kuteka maji, narudi bado haijafunguka. Fundi Lameck akaniambia upo mfumo unaoitwa Linux, watu wa nchi nyingi wameutengeneza na kuuachia dunia bure, na hata kompyuta kuukuu inauweza. Nikakubali.

Kaka, wiki ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyelala nyumba ya ugenini. Kila kitu kipo, lakini hakipo pale unaponyoosha mkono. Barua ya mteja ikafunguka mistari imehama, nikamsihi Lameck anirudishie mfumo wa zamani. Akacheka, akasema nivumilie mpaka Ijumaa.

Mchana mmoja, mvua inanyesha na wateja hakuna, nikabadilisha lugha, menyu zikaanza kusema Kiswahili: Faili, Hariri, Hifadhi. Nilikaa nikizitazama tu. Nikamwaza mtu nisiyemjua, amekaa mahali anatafuta neno baada ya neno ili mimi nielewe. Kioo kilikuwa na rangi ya ziwa tulivyokuwa tunalionaga kwetu Nyegina asubuhi, ukungu haujaondoka, nikahisi kama naelea. Tangu hapo mikono ikazoea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana kwa simu nimeshindwa mara tatu. Kabla ya kuweka Linux, Lameck aliniuliza kama nimehifadhi vyote mahali pengine. Aliuliza mara mbili. Nikajibu ndiyo, nikiwaza barua za wateja tu. Kisha mimi mwenyewe nikabonyeza pa kufuta diski yote. Zile rekodi za baba, akitaja ukoo wetu kwa Kikwaya, zilikuwa humo. Lameck alihangaika siku tatu. Kilichorudi ni nusu dakika, baba anakohoa na kuuliza kama imeanza kurekodi. Nisamehe, kaka. Nimekuficha miezi mitano.

Jumapili nilikwenda Nyegina kumwambia mama. Nililia sana. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Hilda, mimi nipo hapa. Mbona mimi hamnirekodigi?"

Tukaanza siku ileile. Ukoo wa baba anaujua karibu wote, na wa kwao, ambao sisi hatukuwahi kuuliza, ameutaja mpaka bibi wa bibi yake. Nimeweka nakala mbili, na ya tatu imo kwenye flashi niliyoifunga pamoja na barua hii. Yaliyobaki amekataa kuyasema. Anasema atayasema siku utakayokuja, hata kama umekasirika.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto wote uwashike kichwa kwa niaba yangu. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Hilda Mugeta