Nyuki wa Kilima cha Nyota Nne

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, miguu haijavimba, na kile kichefuchefu cha baada ya mashine ya kusafisha damu kimekuachia angalau ulale. Huku kwangu sote wazima. Wifi yako anakusalimu sana, watoto wanakusalimu, na yule mdogo ameng'oka jino la mbele, basi anamwonyesha pengo kila anayepita mlangoni. Shemeji naye msalimie, ingawa nina neno naye, na nitalisema sasa hivi.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Najua umekasirika na sababu naijua. Shemeji alinikuta kituo cha basi uso umevimba, jicho moja limefumba kabisa, akaja kukuambia nimepigwa baa. Wewe ukajumlisha na Jumamosi zote ambazo sikuja kukupeleka hospitali, ukapata jibu lako: mdogo wako amekuwa mlevi, na tangu alipokwenda kupimwa ili akupe figo ameufyata mkia. Nimesikia umemwambia mama usitajiwe tena jina langu. Nikasirikie, dada, una haki hiyo, lakini unikasirikie kwa nilichofanya. Baa sijaikanyaga. Niliumwa na nyuki.

Subiri, usicheke kwanza.

Pale kwenye kiwanda chetu cha mikate kuna dereva wa gari la kusambaza, mrefu huyo, tunamwita Twiga. Siku moja nilitoka kwenye tanuri kupunga upepo, nikamwona amepiga magoti barabarani, anapapasa chini ya benchi la abiria. Nikajua amepoteza funguo, nikaenda kumsaidia. Kumbe anasaka kisanduku! Akanieleza kuwa ni mchezo, unachezwa karibu kila nchi. Mtu anaficha kisanduku mahali, anaweka alama za mahali hapo kwenye mtandao, na wewe unafuata simu yako mpaka ukipate. Ndani kuna karatasi, unaandika jina lako. Ukichukua kitu unaacha kitu, kisha unakirudisha kisanduku kilipokuwa. Zawadi hakuna. Nikamwuliza mtu mzima na ndevu zake anapata faida gani. Akaniambia nitafute kimoja kwanza, ndipo nimtukane.

Nikatafuta. Kilikuwa kidogo kama kifuniko cha kalamu, kimeshikizwa kwa sumaku nyuma ya bango la maktaba, na nilipokigusa nilishangilia mpaka mwenye duka la miwani akatoka nje kuona kuna nini. Unanijua mimi. Nikiambiwa nitembee kwa ajili ya afya yangu, natembea hadi jikoni. Lakini nikiambiwa kuna kitu kimefichwa na wenzangu wameshakipata, hapo silali. Nilivimaliza vya mjini vyote, vya bustanini na vya chini ya madaraja, hadi nikaanza kuviona vya kitoto. Sasa, kila kisanduku kimepewa nyota kwa ugumu wa njia yake. Cha nyota moja unakifikia hata kwa kiti cha magurudumu, cha nyota tano unahitaji kamba. Nikamwambia Twiga mimi nataka vya milimani.

Twiga alicheka mpaka akaegemea gari. Akasema kwa tumbo lile nianze na nyota mbili, tena nimuage mke wangu vizuri. Hakukosea. Kilima cha kwanza, kile chenye tangi la maji, nilifika nusu nikakaa kwenye jiwe natweta, na mzee mmoja na mkewe wakanipita wakipiga soga, wakaniuliza kama waniitie mtu. Nilishuka mikono mitupu. Jumamosi iliyofuata nikarudi, nikaishia mbele kidogo ya lile jiwe. Nikarudi tena. Mikate ya moto kazini nikaacha kuila, soda nikaacha, na wifi yako akawa anazipunguza suruali zangu kiunoni bila kuniuliza kitu, kwa kuwa yeye alijua ninachokitafuta huko juu. Nitafika hapo, nivumilie.

Basi siku moja tukapanda kufuata kile cha nyota nne, nyuma ya machimbo ya mawe. Twiga mbele na simu, mimi nyuma na chupa za maji. Tulipofika juu kabisa simu ikasema ni hapa hapa. Tukaanza kupekua, na mara nikaona sanduku la mbao, zuri, limewekwa juu ya mawe kando ya mwamba na kufunikwa bati. Nikasema leo nimemuwahi Twiga. Nikaliinua lile bati kwa mikono miwili. Dada! Mzinga. Na waliotoka mle ndani hawakutaka niandike jina.

Nilikimbia. Kilima chote kile nilikishuka mbio, mawe yanaporomoka, na Twiga na miguu yake yote ile nilimpita kwenye kona nikamwacha anaita nimsubiri. Nilisimama kwenye geti la machimbo, uso unawaka moto. Ndipo nikashtuka. Nimekimbia vile, na kifua hakinibani. Moyo unadunda, lakini unadunda vizuri. Nikaanza kucheka na midomo yangu imevimba hivyo, Twiga akadhani sumu imenipanda kichwani. Jioni ndiyo shemeji akanikuta kituoni. Nilijaribu kumweleza, lakini kwa midomo ile hata mimi sikujielewa. (Kisanduku chenyewe kilikuwa upande wa pili wa mwamba. Tulikifuata wiki mbili baadaye, kwa adabu.)

Sasa dada, kaa vizuri. Majibu ya vipimo yalipotoka, kabla sijaanza vilima, daktari aliniita peke yangu. Aliniambia figo yangu inakufaa, tena inakufaa kuliko alivyotarajia. Sijamaliza kufurahi, akaniambia hawezi kuichukua. Presha iko juu, uzito umepita kiasi, sukari inabisha hodi. Akasema nikivishusha hivyo vyote na vikatulia, nirudi, na kama sivyo, familia itafute mtu mwingine.

Ningekuambiaje? Uliona binamu yetu alivyokubali mbele ya watu kukupa figo, kisha akajitoa kwa ujumbe wa simu. Mimi nilikuwepo siku ile. Niliona ulivyogeukia ukutani, ukakataa chakula, ukakataa hata kuwashiwa taa. Sikuweza kukupa tumaini lingine ambalo lingevunjwa na tumbo langu. Nikaona bora unione mwoga. Na Jumamosi ndiyo siku yangu pekee ya mapumziko, kwa hiyo nikaipeleka milimani. Iliniuma, dada, kuliko nyuki wote wale. Kila nilipokuwa napanda nilijua saa hiyo umelala kwenye mashine na unatazama mlango.

Jana nilirudi kwa daktari. Walipima kila kitu upya, na presha muuguzi aliirudia kwa sababu hakuiamini. Daktari akasoma zile karatasi, akarudi mwanzo, akasoma tena, mimi nimeshikilia kiti. Halafu akavua miwani yake akaniambia hawana pingamizi. Wananipokea, dada. Wananipokea! Jumatatu asubuhi anatutaka sote wawili tupange siku ya upasuaji. Najua utaanza kusema nina watoto wadogo, sijui nifikirie familia yangu. Hayo nimeshayamaliza na wifi yako, kwa hiyo ukitaka ubishi bishana naye, na mimi sijaona bado mtu aliyemshinda.

Nilipotoka sikufika hata getini. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia, mtu mzima mimi, nikalia kwa sauti watu wananipita. Mlinzi wa getini akaja na maji kwenye kikombe, akanipa pole, akaniuliza taratibu aliyefariki ni nani. Nikamwambia hakuna aliyefariki. Nikamwambia ni dada yangu mkubwa, atapona.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimelitamka neno hilo mbele ya mtu. Basi pokea simu, dada yangu. Hata kama ni kunitukana, nitukane, mradi nikusikie.

Mbusu mama kwa niaba yetu sote. Shemeji mwambie nimemsamehe. Nawatakia usingizi mwema mpaka tuonane Jumatatu mlangoni kwa daktari.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba