Shemeji, Afande Tuza Ni wa Manjano

Shemeji Désiré,

Nakuandikia juu ya meza ya cherehani, nguo za kwaya zikinisubiri. Zisubiri tu. Nina jambo lako lililonikaa kooni tangu kabla hujatutoka, na kaka yako amesema nisipolitoa nitaugua. Unamjua mume wangu Faustin, kwake kila kitu ni ugonjwa.

Kwanza habari za huku. Sote ni wazima. Meza yako ya viatu pale sokoni ameichukua yule jirani yako muuza mikanda. Anaitunza vizuri, ila hana mdomo wako, wateja wanakaa kimya kama wako kanisani. Mwanzoni nilikuwa nalia kila nikisikia harufu ya gundi ya viatu. Sasa nalia mara moja moja, na siku nyingine nacheka peke yangu mpaka watu wa nyumba ya pili wanachungulia.

Unakumbuka kile kibanda cha video nyuma ya soko? Nilikuwa bibi harusi mgeni, nimetoka Karagwe juzi, sijui mtu Gisenyi nzima. Ukatupeleka, mimi na Faustin, kutazama ule mfululizo wa askari wa anga anayepigana na majoka ya chuma bila kupandisha sauti hata siku moja. Mfasiri wa pale kibandani, aliyekuwa akituelezea kila kitu kwa Kinyarwanda, alimbatiza Afande Tuza, yaani Afande Tulia, kwa ule utulivu wake. Faustin alilala. Sisi wawili tukanasa, na kwa miaka mingi tukawa tunarudi.

Televisheni ya pale ilikuwa imekufa rangi nyekundu. Watu wote humo ndani ya filamu walikuwa na nyuso za kijani kama wanataka kutapika, na vazi la Afande lilikuwa kijani cha sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Hatukuuliza. Kwetu Afande alikuwa wa kijani, basi.

Mwaka juzi ulipotangaza kwamba utamtengeneza Afande mzima, wa kuvaliwa siku ya mashabiki wa filamu watakapopanda jukwaani kama mashujaa wao, kwa soli za kandambili, nilicheka hadi nikaunguza ugali. Hukunijali. Ukaokota kandambili zilizotupwa na ziwa, ukazichemsha, ukazikata kwa kisu chako cha kazi, ukazipasha moto juu ya babula, lile jiko lako la mkaa, hadi zikalegea kama chapati, kisha ukazikunjia gotini zipate umbo la kifua. Kofia uliikunjia kwenye sufuria yangu bila hata kuniomba. "Shemeji, hii sufuria iko sawa na kichwa yetu," ulisema. Na kweli ilikuwa sawa na chako na changu. Faustin alijaribu kuivaa ikamgotea juu ya masikio.

Mimi nikashona joho la mgongoni. Nilichagua kitambaa cha kijani mwenyewe, nikakikata siku hiyohiyo. Ulilishika lile joho, ukaligeuzageuza, ukasema, "Shemeji, Kiswahili yako iko ya radio, lakini mikono yako iko ya hapa." Sijawahi kukwambia jinsi maneno hayo yalivyonifurahisha. Miaka yote ile nilikuwa bado najiona mgeni.

Sasa jambo lenyewe. Wiki chache baadaye nilikwenda Kigali kununua nyuzi. Nikapita mbele ya duka lenye televisheni kubwa kama mlango, na ndani yake alikuwa Afande Tuza. Manjano, shemeji. Manjano ya ndizi iliyoiva, kuanzia kofia hadi viatu! Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua.

Njia nzima ya kurudi nilipanga maneno ya kukwambia. Nikafika nyumbani, nikakuta vazi lote limening'inia kwenye kamba yangu ya nguo, limepakwa kijani, mara mbili, nawe umesimama chini yake unalipepea kwa boksi likauke. Ukanigeukia. "Afande iko namna gani?" Nami nikajibu, "Iko muzuri." Mara ya kwanza maishani kusema Kiswahili chako. Ulicheka, ukaita majirani wote waje wasikie.

Nilijiambia nitakueleza baada ya ile siku ya mashabiki, ukishavaa, ukishashangiliwa. Kisha ukaanza kukohoa. Wiki tatu tu, tukakuzika. Nilikaa kwenye mkeka wa msiba, watu wakinipa pole, na mimi nawaza rangi. Nawaza kwamba shemeji yangu amekwenda na uongo wangu, na sina tena pa kuusahihisha.

Siku ya mashabiki ilipofika, jina lako lilikuwa bado limo kwenye orodha ya watakaopanda jukwaani. Faustin alinunua rangi ya manjano, maana naye alishaambiwa na watu kwamba tutachekwa. Nilichovya brashi, nikaisogeza hadi kwenye bega, nikashindwa. Nikavaa lilivyo. Ndiyo, mimi, mama wa kwaya, nikapita katikati ya mji nimebeba kichwa cha Afande kwapani.

Ukumbi ulijaa vijana wa Kigali na wa Goma. Dada mmoja aliyevaa manjano tupu, na taa kwenye kofia, aliniambia kwa upole, "Mama, umependeza sana, ila rangi siyo." Nikamjibu, "Najua."

Kisha nikapanda jukwaani. Akina Afande wa manjano walikuwa wamepita watano, na kule nyuma, walikosimama watu wetu wa kibandani, madereva wa pikipiki na akina mama wa nyanya, hakuna aliyeshtuka. Waliponiona mimi, wakalipuka. "Afande! Afande yetu ule!" Hata polisi wa mlangoni, ambaye uso wake haujui kucheka, alipiga saluti. Zawadi alipewa yule dada wa taa, na aliistahili. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Nyumbani nikavua kofia, nikalia, nikamwambia Faustin kila kitu. Kuhusu Kigali, kuhusu duka, kuhusu kamba ya nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka hadi akakaa chini.

"Désiré alijua," akasema.

Kumbe mteja alikuonyesha kwenye simu, pale mezani kwako, kabla hujafungua kopo la rangi. Ukaenda kwa kaka yako ukamwambia: "Usimuambie shemeji. Ameisha kata kitambaa. Donc mi napaka vert." Vert, kijani, ili joho langu lisiharibike.

Mjinga wewe! Nilikukasirikia siku mbili nzima. Yaani pale chini ya kamba, boksi mkononi, ulinitazama usoni nami nikakutazama, na kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake. Siku ya tatu nikiwa nashona nikaanza kucheka, na tangu hapo kooni kumeanza kufunguka. Nakupenda, shemeji. Ningekwambia ukiwa hai ungenitania mwaka mzima.

Basi pumzika. Sikusumbui tena kwa maneno ya rangi. Ila glavu ya kushoto hukuimaliza. Siku ile nilivaa moja, mkono wa pili nikauficha ndani ya joho. Kisu chako ninacho, na kandambili moja nimeshaichemsha. Nakuahidi nitaimaliza kabla ya mvua, na hiyo moja nitaipaka manjano. Atakayeuliza, nitamwambia kwamba rangi tulikuwa tunaijua wote wawili.

Shemeji yako,
Consolée