Siku Niliyomwambia Hilal Kuwa Haikuwa Homa

Malindi, Alkhamisi, 8 Aprili 1954

Mvua imeanza tangu alfajiri na haijasita. Maji yanapita uchochoroni chini ya dirisha langu yamechukua makumbi ya nazi na vipande vya mbao, na nyumba nzima inanuka chokaa mbichi. Madirisha mawili nimeyafunga. La tatu nimeliacha wazi kidogo, nipate mwangaza wa kuandikia kabla ya magharibi.

Posa yangu imevunjika leo. Aliyeivunja ni mimi, kwa ulimi wangu mwenyewe.

Nataka niandike yote sasa hivi, kwa sababu kesho kila mtu atakuwa na namna yake ya kuyasimulia.

Kwa miezi mitano watu wa mtaa huu wameambiwa kuwa nilikuwa na homa. Mama ndiye aliyeanza kusema hivyo, Baba akanyamaza, na mimi sikuwa na nguvu za kukanusha. Homa ni kitu kizuri cha kusema. Kila mtu ameshaumwa homa, na hakuna anayeuliza la pili.

Haikuwa homa. Ilianza wakati wa vuli, polepole, hata sikuitambua. Kwanza usingizi ulinikimbia. Kisha chakula kikapoteza ladha. Mama alipika mchuzi wa papa ninaoupenda tangu utoto, nikawa kama natafuna pamba. Wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la pili, wasichana thalathini na kitu, na asubuhi nikawa siwezi kuvaa viatu. Si kwamba miguu iliniuma. Nilikaa kitandani navitazama tu, na kuinama kukawa kazi ya watu kumi.

Siku moja nilikuwa naandika hisabu ubaoni, kujumlisha tu, jibu likanipotea. Nikasimama na chaki mkononi. Watoto walikuwa kimya wakiningoja. Nikaanza kulia, nimewapa mgongo, na sikuweza kuacha. Mwalimu mkuu alinileta nyumbani mwenyewe, kanishika mkono kama mtoto, akamwambia Mama anipumzishe.

Nilipumzika wiki sita nimeelekea ukutani. Kuna jambo sijapata kuliandika mahali popote: nilikuwa nikitamani nisiamke. Sikumwambia mtu ila daktari, mzee wa Kihindi mwenye sauti ndogo, na hata yeye nilimwambia nikitazama sakafu. Hakunikemea. Alisema, "Haya ni maradhi, mwanangu, na wenye nayo ni wengi kuliko unavyofikiri. Yatapungua. Lakini nisikufiche, huenda yakarudi." Alinipa dawa. Baba akamleta maalimu, akaniandikia kombe la aya za Kurani, nikalinywa siku saba. Sikudharau kitu. Kila mkono ulionyooshwa kwangu niliushika.

Aliyeninyanyua kidogo ni Shangazi Time, dada yake Baba, anayekaa Bububu, shamba nje ya mji. Alikuja siku moja, akanitazama, akamwambia Mama, "Huyu nnakwenda naye." Kwake hakuniuliza kitu. Kila asubuhi alinipa kazi moja tu. Leo kupindua karafuu jamvini, kesho kuchambua mchele. Siku niliyoshindwa alisema, "Basi, tutaona kesho," akaifanya mwenyewe.

Na Bububu ndiko nilikompendea Hilal.

Hilal ni mtoto wa Bi Nuru, shoga yake Mama tangu walipokuwa wakisoma chuo kimoja cha Kurani. Ni karani forodhani. Aliniposa mwaka jana, na mimi nilikubali kwa kuwa sikuwa na sababu ya kukataa. Lakini nilipokuwa Bububu alikuja kila Ijumaa kwa baiskeli, masafa yote yale, kumletea Shangazi kifurushi cha halua. Hakuomba kuniona. Alikohoa mara mbili tu kizingitini, ili mimi niliye ndani nijue kuwa ni yeye, kisha akapanda baiskeli yake akarudi mjini. Nilikuwa sina hamu ya kitu duniani, lakini Ijumaa nilikuwa nikisikiliza.

Nimerudi mjini mwezi wa Rajabu. Sijapona. Zipo siku nzuri, na zipo siku kama Jumatatu iliyopita, ambapo kuchana nywele tu kulinichosha mpaka adhuhuri.

Leo Bi Nuru na Hilal walikuja baada ya chakula cha mchana ili iwekwe siku ya harusi. Ilikuwa iwe Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani. Tangu juzi Mama ananifundisha maneno. "Akikuuliza Bi Nuru, mwambie ilikuwa homa ya mbu, na sasa u mzima." Nami nilikuwa naitikia, "Naam, Mama." Lakini jana nilijiona niko nyumbani kwa Hilal, siku mbaya imenijia, nimelala sisemi, na yeye yuko juu ya kichwa changu anatafuta homa ambayo haipo. Nikajua kuwa siwezi.

Shangazi alikuwa amekuja mjini kwa shughuli hiyo hiyo. Nilimwendea jikoni nikamwambia nataka nizungumze na Hilal kabla siku haijawekwa.

Alifunika sufuria kwanza. "Unajua unachoweza kukivunja?"

"Najua."

"Haya. Mimi ntakaa mlangoni."

Basi Mama na Bi Nuru walipokuwa juu wanahesabu wageni, mimi nilikuwa ukumbini chini, na Shangazi kakaa kwenye kizingiti anasuka ukili wa mkeka wake, uso kauelekeza njiani. Hilal alisimama karibu na ngazi. Upindo wa kanzu yake ulikuwa umerowa. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, yakanitoka machache tu.

"Hilal, nilipokuwa Bububu sikuwa na homa. Ni maradhi ya akili. Daktari kasema huenda yakarudi. Nimetaka ujue kabla hawajaweka siku."

Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka.

"Nnajua," alisema.

"Unajua?"

"Tangu vuli. Salha yumo darasani mwako. Siku ile alirudi nyumbani akatusimulia. Mama anajua. Sote tunajua."

Salha ni mdogo wake wa mwisho. Nilikuwa nimesahau kabisa kuwa alikuwamo mle darasani siku ile. Nilihisi kitu kinafunguka kifuani, kama mtu aliyebeba mzigo njia nzima akaambiwa nyumba ni hii hapa. Nikamuuliza, na nadhani nilikuwa natabasamu, "Basi hamna neno?"

"Hatukuwa na neno." Sauti yake ilishuka. "Ungelinyamaza tu, Rahma. Watu wameshakubali kuwa ilikuwa homa. Mama akiulizwa na ndugu zake, anasema homa, yamekwisha. Sasa umelisema. Akijua kuwa limesemwa hawezi tena kujifanya hajui."

"Na nikiumwa tena, nikiwa kwako, ungesemaje?"

"Ningesema homa."

"Na nikilala mwezi mzima?"

"Ningesema homa, Rahma. Ningesema mpaka upone." Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Na mimi? Ningemwambia nani?"

Alitazama juu ya ngazi, kulikokuwa kunasikika kicheko cha mama zetu, kisha akanisogelea hatua moja. "Shangazi Time ni mtu wa siri. Tufanye hukusema. Ntapanda juu, ntawaambia tulikuwa tunazungumza habari za nyumba. Mfunguo Mosi nakuoa. Wallahi nakuoa."

Ukili wa Shangazi ulisita mkononi mwake, lakini hakugeuka.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nilitaka kusema ndiyo. Nilimpenda wakati ule kuliko Ijumaa zote za Bububu. Alikuwa ananipa kila kitu alichokuwa nacho. Ila alikuwa ananipa nyumba ambayo chumba kimoja hakifunguliwi, na mle ndani ndimo nilimo mimi.

"Siwezi," nilimwambia. "Nimechoka kujifanya nilikuwa na homa. Kama hutaki kumwambia Bi Nuru, ntapanda nimwambie mimi."

"Usipande," alisema. "Ntamwambia."

Alipanda ngazi polepole. Juu kicheko kikakatika.

Bi Nuru aliteremka keshavaa buibui lake. Nilimwinamia, "Shikamoo, Bi Nuru," kama kwamba hatukuwa tumeamkiana saa moja kabla. Hakuitika. Aliniwekea mkono kichwani, mkono wa mtu anayenipenda, akasema, "Mungu akupe shifaa, mwanangu." Wakatoka mvuani bila ya kungoja ipungue. Hilal hakunitazama. Angelinitazama, pengine ningelimkimbilia.

Baada ya alasiri alikuja ami yake Hilal. Alikaa na Baba ukumbini, nami nilikuwa juu ya ngazi nasikiliza. Walizungumza kwanza habari za mvua, kisha habari za bei ya mchele. Mwisho yule mzee alisema, "Tumeona ile shughuli isubiri kwanza, bwana."

Kila mtu mjini hapa anajua maana ya kusubiri huko.

Baba akasema, "Kheri, inshallah." Nikamsikia anamuuliza mgeni kama ataongeza kahawa.

Mama hakuwa na upole huo. Alisimama mlangoni kwangu, kanga imemteleza kichwani, akaniambia, "Miezi mitano nazibaziba nyufa, wewe umekuja kubomoa ukuta mzima. Umejikata kwa mkono wako." Akenda zake. Mpaka sasa nnasikia sufuria jikoni anavyozitua kwa nguvu.

Nimekaa hapa na daftari langu. Mwili wangu mzima unauma, pamoja na ncha za vidole. Kulia nimelia mpaka nimechoka, kisha nikalia tena. Najiuliza kama ukweli ulikuwa na thamani hii. Najiuliza kama nilisema kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Hilal simchukii. Ningelimchukia ningelipata pa kushika.

Naacha kidogo, Mama anapanda.

*

Nimewasha taa. Magharibi imeshaswaliwa na mvua bado inanyesha, lakini kwa utaratibu.

Mama aliingia na bilauri ya chai ya tangawizi. Aliiweka dirishani akakaa ukingoni mwa kitanda, kanipa ubavu. Nilingoja anigombeze tena. Chai iliacha kutoa moshi.

Kisha akasema, "Nambie. Inakuwaje?"

"Nini, Mama?"

"Hiyo isiyokuwa homa."

Hapana mtu aliyepata kuniuliza hivyo. Daktari aliniuliza nalala saa ngapi na nakula nini. Maalimu alimuuliza Baba nilizaliwa lini. Sikujua pa kuanzia. Nilimwambia kuwa ni kama kuwa chini ya kisima nasikia watu wanazungumza juu, na sauti zao nazipenda, lakini hazinifikii. Nilimwambia kuwa yeye akicheka nilikuwa naona haya, kwa kuwa sikuweza kucheka naye. Mwisho nikamwambia na lile la kutamani nisiamke.

Aliishika kanga yake kwa mikono miwili. "Hata siku ile niliyokuletea uji ukaniambia umeshiba?"

"Hata siku ile."

"Na mimi nikafunga mlango, nikaenda zangu sokoni."

"Hukujua, Mama."

"Mbona hukunambia, Rahma?"

Sikutaka kumjibu. Lakini leo nimeshasema mengi, na hili nalo likatoka. "Ulikuwa umeshawaambia watu ni homa."

Mama alilia. Sijapata kumwona analia namna ile, hata alipokufa bibi. Alilia mdomo wazi, bila ya sauti, nami nilimshika mabega, na kwa muda sikujua ni nani anayemliwaza mwenzake.

Hakuniambia kuwa Hilal atarudi. Hatorudi, na sote wawili tunajua. Hakuniambia kuwa nilifanya vizuri pia. Amejinyoosha hapa ubavuni mwangu, kafumba macho, na kila nikiacha kuandika anauliza, "Uko macho?" Namwambia, "Niko macho."

Kesho ni Ijumaa, wanawake watapita baada ya swala kuuliza siku imewekwa lini. Nilimwambia Mama nitateremka niwaamkie. Kasema nisiteremke kama sijiwezi, yeye ndiye atakayewajibu.

Sikumuuliza atawajibu nini.